Anzeni na majina, mnara utafuata

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya maendeleo katika kijiji kimoja mkoani Lindi. Babu yangu mdogo aliondoka na mgambo mwaka 1978 kwenda vita vya Kagera na hakurudi. Tunasikia wako wengine kama yeye katika vitongoji vyetu vinne. Vijana tumechanga, wenzetu walioko Dar es Salaam nao wametuma chochote, na tunataka kujenga mnara wa kumbukumbu kwenye njia panda ya zahanati. Diwani anataka sanamu ya askari mwenye bunduki kama ile ya Posta. Wazee wanataka babu mdogo na wenzake waandikwe pamoja na waliokufa katika Majimaji na katika vita ya Mjerumani, ila ziko koo zinazokataa, kwa sababu babu zao walikuwa askari wa Wajerumani. Tumekwama. Tuanzie wapi ili babu mdogo naye apate heshima yake?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya makumbusho miaka yote ya utumishi wangu, na wengi walionijia na habari za minara walikuwa wamekwisha kununua saruji na nondo. Ninyi fedha bado mnayo mkononi, na koo zenu bado zinabishana zikiwa zimekaa kikao kimoja. Hapo ndipo pazuri pa kuanzia.

Nitangulize habari ya sanamu ya diwani, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumeza michango yenu yote. Ile ya Posta ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na ndiye aliyechonga pia zile za Nairobi. Hapo ilipo, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann mwaka 1909, na Waingereza walipoiteka nchi wakamng'oa. Askari wa shaba amepiga hatua, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Ni kazi nzuri kwa macho, sikatai. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza na Kiswahili yanayosema huu ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliokufa katika Afrika Mashariki kwenye vita vya 1914 hadi 1918. Yanamalizia kwa kumwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Siku ukifika Dar es Salaam, shuka Posta, uizunguke sanamu hiyo pande zote. Jina la mtu hutaliona. Jiwe linaahidi jina, na lenyewe halina hata moja.

Jambo hilo halikutokea kwa kusahau. Mzungu aliyekufa katika vita hiyohiyo alipewa kaburi lake na jiwe lake, lenye jina, cheo na tarehe. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara na njaa kwenye bonde la Rufiji alifukiwa kando ya njia, wenzake wakabeba mzigo wake wakaendelea. Wanahistoria wanakadiria wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa kwa upande wa Waingereza peke yake. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku ni la kikosi chao, Carrier Corps, Kiingereza kilichopindwa na ndimi zetu, kwa sababu kambi yao ilikuwa hapo. Nairobi nako wana Kariokor yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika wa Mashariki wakiwa wengi kati yao, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja neno hilo litamkwe rasmi.

Kwa hiyo diwani mjibuni kwa heshima, mwambieni sanamu ni nzuri ila haina pa kuwaandika watu. Askari wa shaba anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote, na mama wa kitongojini kwenu anamtafuta wake.

Sasa nikupeleke Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Majimaji pale Songea, Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, akiwemo. Wakawatupa katika shimo moja. Nduna Songea Mbano, kiongozi wao wa vita, alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwa hesabu inayotajwa pale, waliolala katika kaburi la pamoja ni 66, na Nduna Songea akihesabiwa wanakuwa 67. Kaburi lile lina majina. Nimesimama mbele yake mara nyingi, na kila mara nimemkuta mtu anapitisha kidole kwenye maandishi akitafuta ukoo wake. Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa hapo mwaka 1980 na yakawa chini ya Makumbusho ya Taifa mwaka 2010, lakini kumbukumbu haikungoja jengo. Wangoni walikuwa na majina yao na tarehe yao, na kila Februari wanakusanyika, wazee wa mila na ngao zao, lizombe ikichezwa, sala za dini zote zikisomwa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba radhi, alikutana na kizazi cha Nduna Songea. Walikuwa na jina la kumdai, na fuvu la kumdai. Mtu aliyeandikwa "na wengineo" hana wa kumdai.

Ndiyo maana nasema anzeni na majina. Mfanyeje?

Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, la mistari. Chagueni watu wawili, mmoja awe mwanamke, wapite nyumba kwa nyumba na mabalozi wa nyumba kumi. Waanze na akina bibi. Wanaume watawatajia kikosi na jina la kamanda. Bibi atawaambia ni nani aliondoka na shati gani na ameacha mtoto wa miezi mingapi. Kwa kila mtu andikeni jina la nyumbani, jina la dini, jina la baba na jina alilojulikana nalo kazini, maana mgambo wengi waliandikishwa kwa majina ambayo mama zao hawakuyajua. Andikeni na nani amesema, tarehe ngapi. Kila jina lithibitishwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Kisha orodha isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iachwe miezi mitatu, isomwe tena. Katika usomaji wa pili huwa anasimama mtu ambaye mara ya kwanza alinyamaza. Mngojeni huyo.

Kwa upande wa Kagera, nendeni wilayani kwa Mshauri wa Mgambo. Uvamizi wa Idi Amin ulianza mwishoni mwa Oktoba 1978, na jeshi letu lililoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 lilikuwa limepanuliwa kwa maelfu ya mgambo waliotoka vijijini kama kwenu. Waliokuwa wanajeshi wa kudumu ni rahisi kuwapata katika kumbukumbu. Mgambo anahitaji kutafutwa kwa subira: barua ya taarifa ya kifo, ikiwa mjane aliihifadhi, picha, kadi, hata sanduku la bati lililorudishwa. Msichukue karatasi ya mjane mkaondoka nayo. Pigeni picha kwa simu palepale, mmrudishie mkononi.

Wakiwemo waliokufa katika vita ya pili ya dunia, kazi yao ni nyepesi zaidi. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa karibu na Maldivi, ikiwa imebeba mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Watu 1,297 walikufa. Majina ya waliozama wa kwetu yako kwenye ukuta wa ukumbusho katika makaburi ya vita ya Nairobi, na Tume ile niliyoitaja ina rejista kwenye intaneti inayotafutika kwa jina. Jaribuni tahajia tofautitofauti, kwa maana karani wa Kizungu aliandika alivyosikia.

Jambo moja gumu. Katika orodha ya Kagera anaweza kutokea mtu ambaye hakurudi lakini hakuna aliyemwona akifa. Wapo waliobaki kulekule Uganda wakaoa. Nawashauri muepuke neno "waliokufa" kwenye kichwa cha mnara. Andikeni "Waliokwenda na hawakurudi". Ni kweli kwa wote, na halimlazimishi mama ambaye hajakubali.

Maneno haya ya kwenye jiwe yapimeni kama mnavyopima korosho ghalani. "Mashujaa" linawafaa mgambo wa Kagera, taifa limewaita hivyo na wanastahili. Mpagazi wa 1917 ni habari nyingine. Wengi walikamatwa usiku, wakafungwa kamba, wakatwishwa mizigo ya vita isiyowahusu. Ukiandika "walijitolea" unasema uongo juu ya mtu asiyeweza kukujibu. Andika "walichukuliwa". Neno hilo moja litawafundisha watoto wa shule yenu historia kuliko sura nzima ya kitabu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa koo, maana huo ndio uliokufanya uandike. Ninyi wa Lindi mmekaa juu ya vita zote mbili. Kaskazini yenu, katika vilima vya Umatumbi, Nandete, ndiko mipamba ya Mjerumani ilikong'olewa Julai 1905 na Majimaji ikaanza. Na Mahiwa, karibu na Nyangao, ndiko yalikopiganwa mapigano ya Oktoba 1917, siku nne, kati ya makali kuliko yote ya vita ile katika nchi hii. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na kujeruhiwa. Na waliokuwa kwenye mahandaki, pande zote mbili, walikuwa Waafrika kwa wingi: Wanaijeria na askari wa KAR, kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, huku, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kule. Wapagazi wa pande zote walitoka katika vijiji vilevile, pengine nyumba zilezile.

Mimi nazitenganisha vita hizi mbili. Katika vita ya 1914 hadi 1918 ningemwandika kila mtu wa kijiji aliyekufa, awe alivaa tabushi ya Mjerumani au kofia ya Mwingereza au alibeba sanduku la risasi kichwani. Ilikuwa vita ya wageni wawili, na watu wetu walisagwa katikati. Pangeni majina kwa alfabeti, bila upande, bila cheo. Koo zile zitapata babu zao bila kuwaombea radhi na bila kuwatukuza.

Majimaji siyo hivyo. Hapo askari wa Mjerumani alikuja kuchoma ghala la mtama la watu wa kijiji hiki. Waliokufa kwa risasi walikuwa wengi, na njaa iliyofuata, baada ya mashamba na akiba kuteketezwa, iliua wengi zaidi, wanawake na watoto wakiwa mbele. Siwezi kuwashauri mmwandike aliyechoma na aliyekufa kwa njaa katika mstari mmoja. Ukoo wake hauna kosa, na asiwepo mtu wa kuwanyooshea kidole wajukuu, lakini upande huo wa jiwe ni wa waliouawa na waliokufa kwa njaa. Watoto wa ile njaa majina yao hamtayapata. Wapeni mstari wao wenyewe, usemao kwamba walikuwa watoto wa kijiji hiki na kwamba walikufa kwa njaa ya vita.

Hamtakubaliana mwaka huu, najua. Basi jengeni mnara wa pande nne. Upande wa kwanza andikeni Kagera, ambako hakuna anayebisha. Pande nyingine tatu ziacheni tupu, zimelainishwa tayari kwa maandishi. Ule utupu utafanya kazi. Mtoto atauliza mbona huku hakuna kitu, na mzee atalazimika kujibu.

Kuhusu vifaa sina mengi, ila moja nitalieleza kirefu kwa kuwa nililiona kwa macho. Nilifika kijiji kimoja, mkoa siutaji, ambako walikuwa na mnara wa zege wenye majina kumi na manne yaliyoandikwa kwa rangi nyeusi. Siku mbili kabla, alitarajiwa mgeni rasmi, na aliyepewa kazi ya kusafisha eneo akaupaka mnara chokaa kuanzia juu hadi chini. Ulimetameta. Majina yote yakawa yamekwenda. Watu walisimama pembeni hawana la kusema. Akasogea bibi mmoja na khanga yake, akaweka kiganja kwenye chokaa mbichi, akasema, "Alikuwa hapa, mstari wa tatu." Bibi yule hakujua kusoma. Alikuwa amekariri mahali pa jina la mwanawe, na alikuwa akija kuligusa.

Kwa hiyo msiandike kwa rangi. Mtafuteni fundi wa makaburi, yule anayechonga mawe ya marehemu, achonge herufi ziingie ndani ya terazo au marumaru nzito, mkono uweze kuzihisi. Bamba la shaba au chuma msiweke. Wanunuzi wa vyuma chakavu watalipata kabla ya masika. Mistari ianzie usawa wa kifua cha mtu mzima, isipande juu ambako bibi hafiki. Na orodha nzima, pamoja na lile daftari, itolewe nakala mbili, moja ikae kwa mtendaji na nyingine shuleni.

Umesema babu mdogo apate heshima yake. Wengi wa waliokufa Kagera wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi yanayotunzwa vizuri na jeshi. Kwa mtu wa Lindi huko ni mwisho wa nchi. Ni familia chache sana za kusini zilizowahi kufika. Ikiwa michango inabaki, kabla ya kuongeza urefu wa mnara, watumeni wazee wawili Kaboya. Waombe ruhusa, watafute majina yenu moja moja, wapige picha, wasome dua au sala, warudi wasimulie. Watu wasio na maiti wana njia nyingi za kumaliza msiba. Wajaluo, mtu akipotea bila mwili kupatikana, huzika mahali pake tunda la mvungunya, mti wanaouita yago, kwa taratibu zote za mazishi. Ninyi mna za kwenu. Waulizeni wazee mlifanyaje zamani mvuvi asiporudi baharini.

Na wekeni siku. Taifa lina Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, ambapo rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, mkuu wa majeshi sime, mwakilishi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani shoka. Kwenu Julai ni msimu wa ufuta, watu wana fedha kidogo na barabara inapitika, kwa hiyo tarehe hiyo inawafaa. Asubuhi hitima msikitini na misa kigangoni, kisha wote njia panda. Hotuba ya mgeni iwe fupi. Kazi kubwa iwe kusoma majina, na kila jina likitajwa mtu wa ukoo wake aitike kwa sauti. Ukoo uliokwisha, aitike mwanafunzi wa darasa la saba aliyepewa jina hilo mwaka huo alitunze. Kisha ubwabwa uliwe palepale, sufuria za kijiji, bila meza ya wakubwa.

Gharama za fundi na vipimo vya msingi tutazungumza mkishamaliza usomaji wa pili. Nitumieni orodha kabla haijafika kwa fundi, niipitie herufi kwa herufi, maana kosa kwenye jiwe halifutiki.

Jambo la mwisho, mwanangu. Katika barua yako umemtaja babu mdogo mara tatu, na jina lake hukuliandika. Nenda kwa bibi jioni hii ukamuulize alikuwa anaitwa nani nyumbani, uliandike ukurasa wa kwanza.